Makofi Hayakuwa Jibu

Tuanze na hili, ili tusisumbuane huko mbele: historia niliyoisoma mpaka kidato cha sita haijawahi kuninyooshea hata bomba moja. Riwaya na mashairi hayajawahi kunishikia geti likakaa sawa. Watu huniuliza, hasa wale wanaosubiri kazi yao iishe na hawana la kufanya: "Sasa fundi, zile shule zote zilikusaidia nini?" Zamani nilikuwa natafuta jibu la kuwafurahisha. Nasema shule imenipa nidhamu, imenifundisha kuongea na wateja. Siku hizi sijihangaishi. Nawaambia haikunisaidia kitu kwenye kuchomelea, na wala sikusoma ili nichomelee. Nilisoma kwa sababu nina kichwa. Nachomelea kwa sababu nina mikono, na tumbo pia linataka kula. Vyote ni vyangu, sijaazima kwa mtu.

Karakana yangu iko Chanji, hapa Sumbawanga mjini. Natengeneza mageti, milango, nondo za madirisha, na msimu wa kulima ukifika naletewa plau za ng'ombe zilizovunjika shingo. Mikono yangu ina makovu ya cheche na sina mpango wa kuificha. Lakini nimefika hapa kwa kutukanwa na pande zote mbili. Nilipokuwa sekondari, mwalimu mmoja alikuwa akitukuta tunapiga soga anasema, "Msiposoma, mtaishia kuchomelea mageti." Darasa zima tunacheka, mimi wa kwanza. Nikasoma, nikamaliza mchepuo wa sanaa, nikarudi nyumbani nikakaa, kazi hakuna. Nikaamua kwenda chuo cha ufundi. Siku ya kwanza mkufunzi wa karakana akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Wewe wa mashairi, hapa chuma hakisikilizi maneno." Darasa zima likacheka tena. Kwa hiyo dharau naijua, hata ikija imevaa koti na tai.

Ilikuja hivyo mwaka juzi, kipindi cha baridi, ulezi ukiwa umeshavunwa. Mwenyekiti wa kijiji chetu, kule upande wa Msanzi, alinipigia simu.

"Fundi, Jumapili tunakuhitaji nyumbani. Kuna mgeni, afisa, analeta mradi wa ufundi kwa vijana. Uje useme mawili matatu, vijana wakuone. Uje na ovaroli, na kile kinyago chako cha kuchomelea."

"Nije na kinyago kanisani, mwenyekiti?"

"Baada ya misa, jamani. Wewe ndiye mfano wetu."

Nikamuuliza mradi wenyewe ni nini. Akasema vyerehani na vifaa vya useremala. Nikafurahi kabisa, sidanganyi. Nikamuuliza vitakaa wapi. Hapo akakohoa kwanza, kisha akasema, "Si kile chumba kipo."

Kile chumba. Ngoja nikieleze, maana ugomvi wote ni wake. Kiko ukingoni mwa uwanja wa shule ya sekondari, na wenyewe tunakiita chumba cha maneno. Serikali haikukijenga, wala mfadhili. Kila kaya ilifyatua matofali, wanawake wakabeba maji kichwani kutoka mtoni, mama yangu akiwemo na goti lake bovu, tukachoma tanuru mpaka kijiji kizima kikanuka moshi. Mlango na nondo za madirisha nilitengeneza mimi, zikawa mchango wangu. Ndani kuna makabati ya vitabu na mabenchi. Wanafunzi wanasoma humo jioni, na Jumapili baada ya misa wanafanya mdahalo. Sasa mdahalo ule uliwanogea watu wazima. Walianza kuja mmoja mmoja, wakajaa, wanaokosa nafasi wakawa wanasimama nje wameshika nondo zangu, wanasikiliza watoto wakibishana.

Mwanzoni mada zilikuwa zile za walimu, kama mjini kuna maisha bora kuliko kijijini, mambo ya namna hiyo. Baadaye watoto wakaanza kujichagulia. Jumapili moja wakaleta mada kwamba pampu ya maji ya kijiji imekufa kwa uzembe wa viongozi. Mwenyekiti alikuwa amekaa benchi la mbele. Aliyetetea hoja ile mpaka watu wakapiga vigelegele ni binti wa dada yangu. Dada anafanya biashara mpakani, Kasesya, huyo mtoto analelewa na mama yangu kijijini, na wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Baada ya siku ile mwenyekiti hakuonekana tena kwenye midahalo, na haukupita muda chumba kikatafutiwa kazi nyingine. Vitabu, eti, vingewekwa kwenye maboksi stoo kwa mkuu wa shule. Siwezi kuthibitisha kwamba mambo haya mawili ni ndugu. Lakini yamefanana sura.

Nikafika nyumbani Jumamosi na begi langu la ovaroli, nimeshachemka. Jikoni nikawa naongea peke yangu kama redio. Nikasema watoto wa wakulima hawatakiwi kuwa na mahali pa kuulizia maswali, wanatakiwa wapewe sindano na msumeno wanyamaze. Mama alikuwa anasonga ugali. Binti wa dada alikuwa anachambua maharage.

"Mama mdogo," akasema, "mimi hivyo vyerehani navitaka."

Iliniuma, nisiseme uongo. Nilidhani nampigania yeye.

"Na chumba?"

"Na chumba nakitaka. Kwani nani kasema lazima nichague?"

"Mwenyekiti ndiye kasema."

"Basi mwulizeni mwenyekiti. Mimi nataka kushona, na Jumapili nataka mdahalo wangu."

Mama akaepua sufuria. "Kesho usije ukapayuka mbele ya mgeni," akaniambia. "Heshima si utumwa."

"Nitajitahidi, mama."

"Sikukwambia ujitahidi."

Jumapili ilikuwa na upepo ule wetu wa kiangazi, ule unaopita kwenye sweta ukakukuta ndani. Baada ya misa nikavaa ovaroli juu ya gauni la kanisani, kinyago mkononi, watoto wakanifuata wakicheka. Watu walikuwa wameshakaa kwenye nyasi uwanjani. Mbele kulikuwa na meza, mwenyekiti, mtendaji wa kijiji na karatasi zake, na mgeni. Alikuwa kijana tu, mpole, ana koti zuri, na kwa lafudhi yake ulijua si mtu wa huku. Sikumchukia. Hata leo simchukii. Aliamini alichokuwa anasema, na vyerehani vilikuwa vya kweli.

Akazungumza vizuri. Akasema ajira za ofisini zimekwisha, kijana mwenye ujuzi hafi njaa, ukiona vyaelea ujue vimeundwa. Mpaka hapo nilikuwa naitikia kwa kichwa. Kisha akanionyesha kwa mkono. "Mnamwona dada yenu? Huyu hakungojea kuajiriwa. Vijana wetu wanahitaji mikono, midomo tunayo ya kutosha." Watu wakacheka. Akaniomba nivae kinyago apige picha, nikavaa, akapiga. Nikiwa bado ndani ya kile kinyago, naona giza tu, nikasikia anauliza: "Kwa hiyo, ndugu wananchi, tukubaliane kwamba chumba kile sasa kiwe karakana?"

Yakafuata makofi.

Hapa inabidi nisimame kidogo kwa ajili ya mtu asiyetujua. Kwetu Ufipa mgeni anasalimiwa kwa makofi. Wanawake wanapiga magoti, wanaume wanainama, viganja vinakutana taratibu, sauti ya chini. Ndiyo salamu yetu, ndiyo ahsante yetu, na mtu akimaliza kusema unampigia vilevile, kwa sababu amejichosha kuongea na wewe. Utapigiwa makofi hayo hata kama umekuja kutuambia nyumba zetu zinabomolewa kesho. Hayana maana ya ndiyo, wala ya hapana. Yana maana kwamba wewe ni mtu na sisi tumelelewa.

Nikakipandisha kinyago juu ya paji la uso. Mgeni angejuaje? Akatabasamu mpaka nikamwonea huruma. "Ahsanteni sana," akasema. "Mkutano umeridhia kwa makofi." Akamgeukia mtendaji, naye mtendaji akainama kuandika.

Mimi nilimwangalia mwenyekiti. Yule amezaliwa palepale. Amepigiwa makofi yale tangu apewe uongozi, ameyapiga tangu alipojua kukaa. Alijua kabisa kwamba hakuna mtu aliyekubali kitu. Akawa anaangalia viatu vyake, kama vile ndiyo kwanza ameviona. Nami nikamwona mama yangu kule kwa wanawake, goti lake bovu limekunjwa kwenye nyasi, naye amepiga. Damu ikanipanda mpaka masikioni. Mtu anachukua adabu ya mama yako, anaigeuza sahihi.

Nikavua kinyago nikakiweka juu ya meza, mbele ya mtendaji. Nilikuwa nimeahidiwa mawili matatu, nikaomba yangu. Kwanza nikapiga magoti, nikampigia mgeni makofi, maana mimi pia nimelelewa. Kisha nikasimama.

"Mgeni wetu, karibu sana. Umeniita mfano, nami naomba nitumike vizuri. Umesema vijana wapewe mikono. Mikono wanayo, wamezaliwa nayo, na wanalima nayo tangu wakiwa wadogo. Huko juu kuna mabaki ya matanuru ya babu zetu, walikuwa wanayeyusha chuma wenyewe. Hakuna mtu anayekuja kutufundisha Wafipa kwamba kazi ya mikono ni kitu kizuri." Wazee wakaguna, ile ya kukubali. "Lakini huyo kijana akishakuwa fundi, ataishi wapi? Hapa. Atakunywa maji ya hapa, atapiga kura hapa. Pampu ikifa, cherehani hakitamwulizia kwa nini imekufa."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikohoza. Mwenyekiti akaacha kuangalia viatu.

"Watoto wa wakubwa huko mjini wanafundishwa kuuliza na kubishana, mwisho wanakuwa wakubwa. Wa kwetu tunaambiwa tuwafundishe kushona suti za hao wakubwa. Mimi ni fundi, sioni haya, nitakufa fundi. Ila fundi si punda. Leteni vyerehani, tutavijengea chumba chake. Hiki kina kazi."

Nilikuwa natetemeka. Watu hudhani mtu mkali hatetemeki. Mgeni hakukasirika, alishangaa tu.

"Dada," akasema, "lakini wananchi wameshakubali. Wamepiga makofi, wote tumeona."

"Waulize wenyewe."

Upepo tu. Watu wetu wakiulizwa jambo zito hawakurupuki, wanaangalia chini, kila mmoja anamngojea mwenzake, na nilijua kimya kikizidi kidogo tutakuwa tumekwisha. Ndipo nikaona kitenge cha mama kinainuka. Yule yule aliyeniambia nisipayuke. Alisimama taratibu, akajipangusa nyasi, akaanza kwa Kifipa kwa sababu ya woga, akajisahihisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Baba," akamwambia yule kijana, maana mgeni ni baba hata kama ni mdogo kuliko mwanao wa mwisho. "Baba, nimekupigia makofi kwa sababu umetoka mbali na umemaliza kusema. Swali lako bado sijalijibu."

Halafu akakaa.

Mgeni, na hili namsifu, akamwangalia mwenyekiti kwa muda mrefu, kisha akamwambia mtendaji afute alichoandika. "Basi tunyooshe mikono," akasema. Mikono ikanyooshwa. Waliotaka chumba kigeuzwe karakana walikuwepo, hawakuwa wajinga, wengine ni jamaa zangu. Lakini waliotaka kibaki walikuwa wengi, huhitaji kuhesabu. Mwenyekiti alipoona upepo umeelekea wapi akainua na wake, upande wetu, polepole, kama mtu anayejikuna kwapa. Ikaamuliwa tufyatue matofali kiangazi hichohicho, karakana ijengwe pembeni.

Ningependa kuishia hapo. Hadithi ingekuwa nzuri, na mimi ningetoka mzuri zaidi. Lakini vyerehani havikungoja matofali. Mgeni alisema kwa upole kwamba mradi una muda wake, na vikaenda kijiji kingine kilichokuwa na chumba kitupu. Kule kwetu ikawa ndiyo habari: mdomo wa fundi umetunyima vyerehani. Nilikuwa narushiwa maneno hayo mpaka Chanji, mtu anakuja kuchukua dirisha lake, anaondoka ameniachia sumu. Niliwajibu wote. Niliwaambia aliyetunyima ni aliyetaka tuchague kati ya jicho la kulia na la kushoto. Wengine walielewa, wengine walibeba madirisha yao wakaenda.

Aliyeniumiza ni binti wa dada. Hakulia, hakunikosea adabu. Nikienda nyumbani ananisalimia shikamoo, ananimiminia maji ya kunawa, ananiwekea chakula. Lakini maneno hakuna. Yule mtoto ambaye huwezi kumaliza sentensi hajakupinga, ghafla akawa mpole. Nilitamani anitukane.

Matofali yakiwa yameshachomwa na kuta za karakana zimefika usawa wa madirisha, siku moja simu ikaita.

"Shikamoo, mama mdogo. Jumapili kuna mdahalo."

"Marahaba. Mada ni nini?"

"Kijiji kilikosea kuviacha vyerehani viende."

Nikacheka kidogo, ile ya kujikaza. "Nani anatetea hoja?"

"Mimi."

"Na nani anapinga?"

"Wewe. Kama huogopi."

Nikaenda. Sikuvaa ovaroli, nilivaa gauni na sweta. Chumba kilijaa, watu nje wameshika nondo. Nilipinga hoja kwa nguvu zangu zote, nikasema niliyoyasema uwanjani, na nikayasema vizuri zaidi kwa sababu safari hii sikutetemeka. Watu wakanipigia. Nikakaa nikijua nimeshinda.

Akasimama. Amekuwa mrefu, sikuwa nimeona. Akasema tulikuwa na haki ya kuulizwa, na anamshukuru mama yake mdogo kwa kuidai. Akasema lakini baada ya kupata nafasi ya kusema, tulisema neno moja tu: hapana. Tungeweza kumwambia mgeni vyerehani vikae humu asubuhi mpaka matofali yawe tayari, na jioni na Jumapili chumba kibaki chetu. Tungeweza kumwomba muda. Yule mgeni alikuwa mtu wa kusikiliza, hata maandishi alifuta. Hakuna aliyemuuliza. "Tulishangilia tulipoacha kunyamaza," akasema, "tukasahau kuendelea kuongea." Kisha akanigeukia mimi, uso kwa uso. "Na mama mdogo alisema wananchi waulizwe. Jumamosi jikoni nilimwambia vyerehani navitaka. Jumapili alipokuwa anatetea watoto wa wakulima, mtoto wa mkulima aliyeko nyumbani kwao hakumtaja."

Mabenchi yakalia. Nje mtu akapiga mluzi.

Mikono ikanyooshwa. Nilimwangalia mama, nikiwa na tumaini langu la mwisho. Mama akainua mkono wake, upande wa mjukuu. Hata hakuona haya.

Baadaye nikaenda nyuma kupima madirisha ya karakana, maana nondo zake ni zangu pia, nani mwingine. Binti akanifuata, akashika upande wa pili wa tepu bila kuombwa. Tukapima la kwanza. La pili akanichungulia usoni.

"Umenuna, mama mdogo?"

"Nimenuna sana. Shika vizuri, tepu inalegea."

Akashika. "Kwa hiyo unajuta? Kwa siku ile?"

Nilimwangalia. Vidole vyake vilikuwa kwenye tofali ambalo huenda alilifyatua mwenyewe, na sauti yake ilikuwa imemrudia, ile ya kutafuta ubishi.

"Sijuti hata kidogo," nikamwambia. "Ningekaa kimya siku ile, leo ungenishindia wapi?"